Tubadilishe Kompyuta ya Tawi, au Tungoje?

(Hotuba ya Katibu wa Tawi katika mkutano wa wanachama uliofanyika Kulesa mapema mwaka huu wa 2026. Imepigwa chapa hapa kwa ombi la wanachama ambao hawakuweza kufika.)



Wengine mmetoka Garsen, wengine Wema na Hewani, na barabara hii twaijua sote, kwa hiyo sitapoteza wakati wenu kwa salamu ndefu. Jambo lililotuleta hapa kwanza ni kompyuta ya tawi. Najua wako watu waliocheka waliposikia kwamba mkutano mzima umeitwa kwa ajili ya kompyuta moja. Wakauliza, je, habari za mishahara zimekwisha? Hazijaisha, na zitafuata leo leo baada ya jambo hili. Lakini ndani ya kompyuta ile mna jina la kila mwanachama, namba ya kitambulisho chake, michango yake tangu mwaka wa 2016, na orodha ya mfuko wa maziko pamoja na majina ya watakaolipwa mmoja wetu akifariki. Mwanachama akidai chama, au chama kikimdai mwanachama, ushahidi uko mle. Hilo si neno dogo.

Mambo yalianza hivi. Mwezi wa Oktoba 2025 kompyuta ile ilikuwa kila ikiwashwa yatoa tangazo kwenye kioo, kwamba Windows 10 imefikia mwisho wake na yafaa tuhamie Windows 11. Mweka Hazina akafuata maagizo, akabonyeza palipoandikwa abonyeze. Kompyuta ikamjibu kwamba mashine yake haitimizi masharti. Ni sawa na mtu kuambiwa ahame nyumba, naye akifika kwenye nyumba mpya akute mlango umefungwa. Akaja kwangu ana hasira, nami nikalipeleka jambo hili katika Kamati.

Katika Kamati tukagawanyika. Wako waliosema tununue kompyuta mpya mara moja, na kwa kuwa sanduku la tawi ni jepesi, tuazime katika mfuko wa maziko. Wako waliosema kompyuta inawaka, inaandika, inapiga hesabu, basi iacheni ilivyo. Na vijana wetu wawili wakasema wamjua fundi mmoja awezaye kuitia hiyo Windows 11 kwa nguvu, mashine itake isitake. Nimeombwa na Kamati niyachunguze mambo haya, na leo nawaletea niliyoyaona. Mwishoni mtapiga kura.

Kwanza nataka tuelewane juu ya kitu chenyewe, maana wazee kadhaa wameniuliza hiyo Windows ni kitu gani hasa. Kompyuta ina programu nyingi: ya kuandikia barua, ya hesabu, ya kuingilia mtandao. Zote hizo ni wafanya kazi. Juu yao yuko mnyapara mmoja, ndiye agawaye kazi, ajuaye faili liko wapi, afunguaye mlango na kuufunga. Mnyapara huyo ndiye Windows. Najua katika chama hiki hatuwapendi sana wanyapara (kicheko), lakini huyu twamhitaji, maana asipokuwapo hapana programu hata moja itakayofanya kazi. Linalotushughulisha leo ni kwamba mnyapara wetu ni mzee, na kampuni iliyomwajiri imesema haitamtunza tena.

Kampuni hiyo ni Microsoft ya Marekani. Windows 10 ilitoka tarehe 29 Julai 2015. Windows 11 ikatoka tarehe 5 Oktoba 2021. Na tarehe 14 Oktoba 2025 matunzo ya bure ya Windows 10 yakasimama. Neno hili limewatisha watu bure, wakidhani siku ile kompyuta zitazimika. Hazikuzimika. Yetu haikuzimika, nanyi mwaona matangazo ya mkutano huu yamechapwa nayo. Kilichosimama ni viraka.

Kila mwezi watu wenye ujuzi, wema kwa wabaya, hugundua matundu katika programu hizi. Wema hupeleka habari kwa kampuni, na kampuni hutoa kiraka cha kuziba tundu. Wabaya hupita katika tundu lile lile kabla halijazibwa. Basi mashine isiyopata viraka leo ni nzima, kesho ni nzima, lakini kila mwezi unaopita yaongezewa tundu moja au mawili ambayo kila mwizi duniani ameshatangaziwa. Nasema ameshatangaziwa, maana kampuni ikitoa kiraka cha Windows 11, mwizi hukitazama, akajua tundu liko wapi, kisha akaenda kulitafuta tundu hilo kwa wale waliobaki nyuma.

Nitawapeni mfano uliotokea kweli. Tarehe 12 Mei 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kilienea duniani, kikaingia katika kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi kama 150. Kilikuwa kikifunga mafaili yote, kisha kikaandika kwenye kioo: lipa dola 300 ndipo ufunguliwe. Huko Uingereza hospitali za serikali ziliingiwa, na wagonjwa wapatao 19,000 ilikadiriwa kwamba miadi yao ya matibabu ilivunjwa. Sasa tazameni jambo hili vizuri. Kiraka cha tundu lile kilikuwa kimetolewa mwezi wa Machi mwaka ule ule, miezi miwili kabla. Nyingi katika mashine zilizoumia zilikuwa na Windows 7, ambayo siku zile ilikuwa bado yatunzwa. Wenyewe walikuwa hawakukitia kile kiraka tu. Kwa hiyo tusidhani ni upya wa mashine unaomlinda mtu. Mwenye mashine ya zamani aliyetia kiraka alipona, na mwenye mashine iliyotunzwa aliyelala aliumia.

Kwa wale wasemao iacheni ilivyo, liko na jambo la pili. Programu nyingine nazo humwacha mnyapara mzee. Wanaotumia Windows 7 walilionja hili mapema mwaka wa 2023, pale Google ilipoacha kutoa Chrome mpya kwa ajili yao. Toleo la 109 likawa ndilo la mwisho. Siku hizi sisi malipo twayatazama kwenye mtandao, kodi twaijaza kwenye mtandao, vyeti twaviomba kwenye eCitizen. Kurasa hizi hazikai zilivyo, hubadilishwa, na siku moja mtu mwenye programu ya zamani hubisha hodi asifunguliwe. Kwa Windows 10 siku hiyo haijafika. Itafika, nasi yafaa itukute tuko tayari.

Basi mtasema, Katibu, kwa nini usiseme tununue leo tukamaliza? Ngojeni kidogo, ndugu zangu.

Tarehe 2 Oktoba 2018 Microsoft ilitoa toleo jipya la hiyo hiyo Windows 10. Watu wenye haraka wakalitia siku ile ile. Baadhi yao walipowasha mashine wakakuta nyaraka zao na picha zao zimefutwa. Hawakuwa wengi ukilinganisha na dunia nzima, lakini aliyepotelewa na picha za marehemu mama yake hafarijiki kwa kuambiwa kwamba wenziwe walikuwa wachache. Siku chache baadaye kampuni ikalisimamisha, na halikutolewa tena mpaka Novemba. Aliyengoja wiki moja hakupoteza kitu.

Wazee wetu huenda wakakumbuka habari za jirani zetu Tanzania. Mwaka wa 1974 serikali ya huko ilipiga marufuku kuingizwa kwa kompyuta nchini. Mtu wa leo akisikia hivyo hucheka, lakini walikuwa na sababu. Hesabu za Wizara ya Fedha zilikuwa zimehamishwa kwenye kompyuta, kazi ikaharibika, na fedha za wananchi zikapotelea katika fujo ile. Mimi nadhani marufuku ile ilikwenda mbali mno, nayo iliwachelewesha watu wao kwa miaka mingi, kwani haikuondolewa kabisa mpaka mwanzo wa miaka ya 1990. Walakini uchungu wao naufahamu. Walihama kabla hawajajua namna ya kuhama, wakatupa daftari kabla ya kuhakikisha kwamba mashine inajua kuhesabu.

Na mimi mwenyewe yalinipata. Mwaka wa 2022 nilikuwa na kompyuta yangu ndogo ya mkononi, nikaichoka kwa uzito wake wa kufungua mambo. Nikaipeleka kwa fundi katika mji mmoja, sitautaja mji wala fundi. Nikamwambia, nitilie Windows mpya. Akaniuliza, kuna kitu ndani unachokitaka? Nikamjibu, vyote navitaka. Sijui alisikia nini. Niliporudi jioni kompyuta ilikuwa nyepesi kama mtumbwi usio na mzigo, na kweli haikuwa na mzigo, maana kila kitu kilikuwa kimefutwa. Katika vilivyofutwa mlikuwa na barua za mwenzetu mmoja aliyeumia kazini, ambazo nilikuwa nimezikusanya kwa ajili ya madai yake ya fidia. Ilitubidi twende ofisi moja baada ya nyingine kuomba nakala. Miezi saba ikapita. Yule ndugu yupo hapa leo, ameketi kule nyuma, na hajanilaumu hata siku moja, jambo ambalo laniuma zaidi kuliko angenilaumu. Fundi alikosa. Lakini nakala ilikuwa kazi yangu, wala si yake.

Kwa hiyo mimi sikubaliani na wanaotaka kukimbia, wala wanaotaka kulala.

Sasa tuje kwenye masharti yenyewe, maana humo ndimo pesa zenu zilimo. Windows 11 yataka kumbukumbu ya kufanyia kazi isiyopungua gigabaiti 4, na nafasi ya kuwekea vitu gigabaiti 64. Hayo tunayo. Yataka pia chipu ya ulinzi iitwayo TPM, toleo la 2.0, na prosesa iliyo katika orodha ya kampuni. Kwa prosesa za Intel, kwa jumla orodha hiyo yaanzia kizazi cha nane, zilizoanza kutoka mwaka wa 2017. Hapo ndipo yetu iliposhindwa. Ni ya kizazi cha sita. Haina ubovu wowote. Kosa lake ni kuzaliwa mapema.

Mwaka wa 2023 kampuni ya utafiti iitwayo Canalys ilikadiria kwamba kompyuta milioni 240 duniani zingeweza kugeuka takataka kwa sababu ya masharti haya. Mwaweza kudhani hilo ni jambo la Ulaya na Marekani. Hapana. Kompyuta zinazotupwa huko ndizo zinazokuja kuuzwa kwetu, zile wauzaji waziitazo ex-UK. Ofisi za huko zikiondoa mashine za kizazi cha sita na cha saba kwa sababu hazikubali Windows 11, mashine hizo zitapanda meli. Zitasafishwa, zitatiwa kibandiko kipya, na mwanachama wetu mwenye kukopa ataambiwa ni bei ya kutupa. Hata Windows 11 aweza kuonyeshwa inawaka ndani, imetiwa kwa nguvu kwa ile njia ya fundi wa vijana wetu.

Basi mtu akikuuzia, usitazame rangi ya mashine. Tazama namba ya prosesa. Ukiona imeandikwa i5, kisha kistari, kisha 6300U, ile 6 ya mwanzo ndiyo kizazi. Ukiona 8250U, hiyo ni ya nane. Ukiona tarakimu tano zinazoanza na 10 au 11, ni kizazi cha kumi au cha kumi na moja. Andikeni haya kwenye karatasi muweke mfukoni. Mwenye duka akikataa kukuonyesha namba, mshukuru, uende zako.

Juu ya kutia kwa nguvu nitasema machache. Yawezekana, sikatai. Lakini kampuni yenyewe imesema mashine isiyotimiza masharti haina haki ya kudai viraka. Yaweza kuvipata mwaka huu, ikanyimwa mwaka ujao. Mtu mwenye mashine ya kuchezea akitaka na ajaribu. Mashine yenye majina ya wajane na mayatima wa chama si ya kujaribia. Tena vijana, na hili nalisema kwa upole, Windows ya bure mnayotiliwa kwa flashi ya mtu msiyemjua, nani ajuaye ni nini kingine kimo ndani yake?

Pengine mtauliza kama iko njia ya katikati. Iko, nasi tumeshaishika. Microsoft imekubali kuendelea kutoa viraka vya ulinzi kwa Windows 10 za watu wa kawaida kwa mwaka mmoja zaidi, mpaka tarehe 13 Oktoba 2026. Mtu aweza kulipa dola 30, yaani karibu Shs. 3,900/- za Kenya, au asilipe kitu iwapo atakubali kuingia kwa akaunti ya Microsoft na kuweka nakala ya mipangilio ya mashine yake kwao. Makampuni yana bei yao nyingine, dola 61 kwa kila mashine mwaka wa kwanza, na bei yarudufiwa kila mwaka unaofuata, mpaka miaka mitatu. Mashine yetu haikuungwa katika mtandao wa kampuni wala wa wizara. Ni mashine ya kawaida tu, nayo ilikubaliwa kwa ile njia ya bure. Sharti ni kuwa na toleo la mwisho la Windows 10, liitwalo 22H2. Nanyi mwenye mashine zenu nyumbani fanyeni hivyo hivyo. Mtaliona tangazo lake mahali pale pale pa kutafutia viraka.

Lakini katika kufanya hivyo tulikuta kosa letu wenyewe. Akaunti iliyokuwamo katika kompyuta ya tawi ilikuwa ya karani wa zamani, aliyehamia Hola. Neno la siri alilijua yeye peke yake. Ni mtu mwema, tulimpigia simu akatupa. Je, angekuwa ametuacha kwa ugomvi? Au angekuwa amefariki? Sasa akaunti ni ya tawi, na neno la siri limeandikwa, likatiwa katika bahasha, bahasha ikatiwa sahihi na maofisa watatu na kufungiwa katika sanduku la fedha. Tangu mwaka wa 2019 nchi hii ina Sheria ya Kulinda Data, nayo yamtwika wajibu kila anayeshika habari za watu. Sisi twashika habari zenu, na hatuwezi kusema hatukujua.

Bwana mmoja wa zahanati aliniuliza juu ya njia nyingine, ile ya Linux. Namshukuru, maana mimi nisingeikumbuka. Linux ni mnyapara mwingine, asiye wa Microsoft, aliyeanzishwa mwaka wa 1991 na mwanafunzi mmoja wa Finland, Linus Torvalds, na kila mtu ana ruhusa ya kumtumia bila malipo. Moja ya namna zake yaitwa Ubuntu, iliyoanzishwa mwaka wa 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina hilo kila Mbantu hapa alielewa bila kufasiriwa. Hufanya kazi vizuri katika mashine zilizokataliwa na Windows 11. Na msidhani ni jambo geni kwetu Waswahili. Mwaka huo huo wa 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa programu ya ofisi ya namna hiyo iliyoandikwa kwa Kiswahili, ikaitwa Jambo OpenOffice. Basi mashine yetu si takataka hata baada ya Oktoba 2026. Ila yataka mtu wa kujifunza, na mashine ya kuchapia yapaswa kujaribiwa kwanza kama itamtii mnyapara mpya. Kamati yaona tuijaribu kwa mashine moja ya mwanachama aliyejitolea, na tusiiguse ya tawi mpaka tuone.

Sasa nafikia jambo ambalo kwangu mimi ndilo kubwa kuliko yote, nalo ni nani alipe. Nimezungumza na wanachama wengi miezi hii, nikaona kwamba kompyuta wanazozihofia si za tawi, ni zao wenyewe. Wanazitumia kwa kazi ya mwajiri. Ripoti ya mwezi, orodha ya dawa, hesabu za ofisi, zote huandikwa usiku nyumbani kwa kompyuta ya mfanya kazi, kwa umeme wake, kwa bando lake. Mashine ikiingia kirusi, ni yake. Ikihitaji kubadilishwa, ni yeye. Hata kuiteremsha hiyo Windows 11 kutoka kwenye mtandao ni zaidi ya gigabaiti tano, na mtu hununua bando kwa pesa zilizokuwa za unga.

Mwenye shamba hamwambii kibarua aje na trekta lake. Mwenye lori hamwambii dereva anunue magurudumu. Kwa nini karani aambiwe aje na kompyuta yake, tena sasa aambiwe hiyo aliyo nayo imezeeka? Mwanachama mmoja ameonyeshwa na mkubwa wake orodha ya mashine zinazotakiwa na kuambiwa ajitahidi kupata moja kabla ya mwezi wa sita. (Sauti: Aibu!) Sitaitaja ofisi, maana shauri hilo tungali twalizungumza nao, na mazungumzo yanakwenda vizuri. Lakini nataka kila mmoja wenu afahamu msimamo wa tawi: chombo cha kazi ni cha mwajiri. Kama mwajiri ataka ripoti kwa Windows 11, alete Windows 11. Mtu akishurutishwa kununua, asinunue kwa kukopa kwenye mshahara, aje kwetu kwanza, na barua aliyoandikiwa aje nayo. Na kama hakuandikiwa barua, aombe aandikiwe. Mtaona maneno mengi hupungua ukali yakitakiwa kuandikwa. (Makofi.)

Nirudi kwenye mfuko wa maziko. Tulitajiwa Shs. 65,000/- kwa kompyuta mpya, na Shs. 28,000/- kwa iliyotumika ya kizazi cha nane. Mimi sikubali hata senti moja iazimwe katika mfuko ule. Mfuko huo una wenyewe, nao hawajui siku watakapouhitaji. Tawi hili likianza kuazima kwa ajili ya kompyuta, mwakani litaazima kwa ajili ya viti. Mwezi wa Oktoba bado uko mbele. Tukitenga Shs. 3,500/- kila mwezi kutoka sanduku la kawaida, kwa miezi minane tutapata Shs. 28,000/- za ile mashine iliyotumika, bila kumgusa marehemu wala mjane.

Wakati tukingoja, nakala. Hili halina kungoja, hata kama mtayakataa mengine yote. Tunakaa kandokando ya Mto Tana. Wazee wanakumbuka maji ya mwisho wa mwaka wa 1997, na sisi sote tuliyaona ya 2023 na ya 2024. Maji hayaulizi kama kompyuta ina Windows 10 au 11. Tangu wiki iliyopita orodha zote za tawi zimenakiliwa katika flashi mbili. Moja iko katika sanduku la fedha. Ya pili iko mbali na mto, nyumbani kwa mwanachama anayekaa mwinuko, na Mwenyekiti atawatajieni jina lake mkifunga milango. Kila mwisho wa mwezi zitaletwa, zitafunguliwa mbele ya watu wawili ili kuona kwamba kilichomo chasomeka, maana nakala isiyofunguliwa ni kama chandarua usichokitandaza. Hujui kina matundu mangapi. Pia kila miezi mitatu orodha ya michango na ya mfuko itachapwa kwenye karatasi na kutiwa sahihi. Mzee mmoja alinicheka, akasema, Katibu, baada ya safari yote hiyo umerudi kwenye karatasi. Kweli nimerudi. Karatasi haina mnyapara.

Basi Kamati yaleta mbele yenu maneno haya mpige kura. Kompyuta ya tawi ibaki na Windows 10 yenye viraka mpaka mwisho wa Septemba 2026. Pesa zitengwe kila mwezi kama nilivyosema, na mashine ya kizazi cha nane au zaidi inunuliwe kabla ya tarehe 13 Oktoba, na wanunuzi wawe wawili, si mmoja. Toleo lolote jipya litakalotoka lisitiwe katika mashine ya tawi kabla ya mwezi mmoja kupita, ila viraka vya ulinzi vitiwe vinapofika. Mashine ya zamani isiuzwe wala isigawiwe mtu. Itiwe Linux iwapo majaribio yatafaulu, na iwekwe hapa Kulesa kwa matumizi ya wanachama.

Wenye maswali wataulizia sasa kabla ya kura. Na Jumamosi ijayo saa nne asubuhi, mwanachama yeyote mwenye kompyuta yake aje nayo ofisini pamoja na waya wake wa kuchajia na flashi tupu. Tutamtazamia namba ya prosesa, tutamwandikisha apate viraka vya mwaka huu, na tutamfundisha kunakili vitu vyake mwenyewe kwa mkono wake. Bando litakuwa la tawi. Orodha ya majina iko mezani kwa karani, hapo karibu na mlango. Wasiojiandikisha nao waje, ila watangoja zamu.